Kaltuma binti Habib na Kanzu ya Ijumaa

Marehemu Kaltuma binti Habib, tuliyemwita Mama Zeinabu, alizaliwa Makina, hapa Kibra, mwezi Machi 1906, mtoto wa pili wa askari Habib. Wasifu huu nausoma mimi Suad, mke mwenziwe kwa miaka ishirini na minne. Nimepewa kazi hii kwa sababu katika wanawake wa nyumba yetu ni mimi niliyejua kusoma. Ndilo jambo pekee nililomshinda, na sioni haya kulisema.

Shule hakwenda. Alisoma Kurani chuoni kwa Maalim, na kufua alifundishwa na mama yake mtoni. Maalim alizoea kusimulia kwamba hata msimu wa mvua, wenzake wakiwa na matope hadi magotini, Kaltuma alifika na leso isiyo na doa. Hadithi hiyo nimeisikia mara nyingi kuliko nilivyotaka.

Tarehe 9 Agosti 1924 aliolewa na Mzee Fadlalla, wakati huo askari kijana. Bwana harusi alivaa kanzu nyeupe ya bafta, na kanzu hiyohiyo ndiyo anayoivaa msikitini hadi leo. Miaka thelathini na moja! Mimi niliolewa mwaka 1931. Mzee alinipa chumba, kuku na siku zangu, kisha akasema mbele ya wageni, "Lakini kanzu ya Ijumaa ataendelea kuifua Mama Zeinabu." Wageni wakacheka. Mimi sikucheka.

Basi kila Alhamisi nilimchungulia uani. Shingo ya kanzu aliipaka sabuni mapema, akaiacha ilale. Hakuikamua kwa kuisokota, aliibana taratibu baina ya viganja. Aliianika kivulini, ndani nje, mbali na vumbi letu jekundu. Pasi ya makaa aliipitisha kwanza kwenye jani la mgomba. Mwisho aliifukiza udi na kuilaza sandukuni pamoja na karafuu. Palipochanika alitoa kiraka ndani ya pindo, kwa sababu pindo alilishona pana tangu mwanzo. Wakati wa vita, nguo zilipoadimika madukani, wanawake walikuja kwake kutoka Lindi ya hapa Kibra hadi Kawangware na magauni yaliyochakaa, na aliwafundisha wote bila kuchoka. Wote isipokuwa mimi, maana mimi sikuuliza. Wivu ulinizuia.

Mwaka 1938 alisafiri kwenda Kibos kumzika shangazi yake. Nikaona zamu yangu imefika. Niliitoa kanzu, nikaifua, kisha nikachukua kipande cha buluu ya kung'arishia nguo na kukisugua moja kwa moja kwenye kitambaa kibichi, nikidhani buluu ikizidi na weupe utazidi. Mgongo mzima ukatoka mabaka. Kaltuma alirudi siku ya pili, akaiona kambani, akanitazama. Mzee alipoingia akapiga kelele, "Nani kafanya hivi?"

"Ni kazi yangu, Mzee," Kaltuma alisema. "Buluu imenizidi mkono."

Akailoweka kwa maji ya ndimu siku tatu, ikatakata. Heri angenitukana. Sasa alikuwa na mume, ana kanzu, na uungwana pia ni wake. Sikumshukuru, wala sikumsamehe.

Ugonjwa wa kifua ulimwanza Ramadhani ya mwaka jana. Alitibiwa hospitalini na nyumbani, lakini nguvu za mikono ziliisha. Mwezi Julai alimtuma Zeinabu chumbani kwangu na kanzu. Juu yake palikuwa na kipande cha buluu kimefungwa kitambaani, tayari kwa kukorogwa kwenye beseni la maji. Kumbe ndivyo inavyotumiwa. Zeinabu akasema, "Mama anasema Baba asijue."

Nilikasirika, nikafua. Macho ya Mzee yameingia ukungu, na Ijumaa baada ya Ijumaa alimsifu Kaltuma kwa jasho langu. Kaltuma aliaga dunia nyumbani, Jumatano tarehe 14 Septemba 1955, alfajiri. Nilikuwa miongoni mwa waliomwosha. Nilimwosha polepole, bila kusugua.

Ameacha mume, Mzee Fadlalla, watoto wanne, Zeinabu akiwa mkubwa wao, wajukuu sita, watoto wangu watatu ambao nguo zao alizishona yeye, na mimi.

Tangu msiba Mzee hakuitaka kanzu ile. Ijumaa iliyopita aliiagiza. Nilikuwa nimeifua Alhamisi, peke yangu, kila hatua. Aliivaa, akanusa mkono wa kanzu, akageuka mlangoni.

"Hii aliniachia tayari kabla ya kwenda," akasema. "Hakuna mwingine anayeweza."

Miaka ishirini na minne nilikuwa nikiyangoja maneno hayo, na yalipofika yalikuwa ya mwingine. Nilifungua mdomo ili nimwambie. Nikaikumbuka kamba ile ya mwaka 1938.

"Ndiyo, Mzee," nikasema. "Ni kazi yake."

Mzee yuko barazani na wanaume, hanisikii. Nanyi wanawake mliosikia, msimwambie. Mola ampokee Mama Zeinabu na amlaze pema. Kanzu nitaifua mimi.