Mzee Chanzo Anafunga Dawati la Data na Mafunzo

Baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, Mzee Chanzo anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini. Pamoja naye linastaafu Dawati la Data na Mafunzo, ambalo halikuomba kustaafu, ila limestaafishwa. Mkuu wa idara ameniomba niandike wasifu mchangamfu wa kusomwa kwenye hafla. Nimemwahidi nitajaribu. Nimekaa meza inayotazamana na ya Mzee kwa miaka mingi, na wote mnaujua uchangamfu wangu.

Kwa wageni wetu wasioijua kazi yenyewe: mwanafunzi anakuja anataka kuandika tasnifu kuhusu vijana wanaoacha mashamba na kuhamia mjini. Amejiandaa kwenda kuhoji kaya mia mbili, na nauli hana. Hajui kwamba kuna watu walishapita, wakaziuliza kaya elfu tatu swali hilohilo, na majibu yake yamelala mahali yanangoja msomaji. Kazi ya Mzee Chanzo ilikuwa kujua yamelala wapi, ufunguo anao nani, na barua ya kuomba iandikweje isiishie kwenye kapu la taka. Alijua pia kozi za mbinu za utafiti zinapofundishwa: wapi utajifunza kuchagua sampuli, wapi utajifunza kuhoji, na ipi kati ya hizo inajiita ya bure kumbe inakungoja mlangoni wakati wa kuchukua cheti.

Jina la Mzee Chanzo alilichuma kwa mdomo wake mwenyewe. Ukisema jambo lolote mbele yake, atakuuliza chanzo. Mhasibu aliwahi kusema kwenye chai kwamba kesho mvua itanyesha, akaulizwa chanzo mpaka chai ikapoa. Mimi nilipokuja na habari kwamba binti yangu amechumbiwa, niliulizwa vilevile. Nikamwambia chanzo ni mimi mama yake. Akasema hicho ni chanzo cha pili, cha kwanza ni binti, na kama sijamuuliza binti mwenyewe basi nisitangaze. Nilikasirika siku nzima, kisha nikaenda kumuuliza binti.

Hakuna aliyepewa data siku ya kwanza. Kando ya meza yake kulikuwa na kiti kigumu kisicho na mto, na kila mgeni alikalishwa hapo akaulizwa anataka kujua nini. Wengi walijibu kwa kutaja mada: umaskini, ndoa, ajira. Mzee aliwaambia hiyo ni mada, bado si swali. Wakarudi kesho yake. Wengine walirudi keshokutwa yake wakiwa wamenuna. Mhadhiri mmoja alituandikia malalamiko kwamba amezungushwa kama mtoto. Alipomaliza kitabu chake alileta nakala, na kwenye ukurasa wa shukrani kile kiti kimetajwa.

Ukishapata swali, ndipo alipofungua kabati la kadi. Kila hifadhi ya data aliyoijua ilikuwa na kadi yake: nani alikusanya, lini, kwa njia gani, umwandikie nani. Chini kabisa kulikuwa na sehemu aliyoibuni mwenyewe, iliyoitwa "Isichosema." Hapo aliandika mambo ambayo data hiyo haiwezi kukuambia hata ukiibembeleza. Kuna utafiti mkubwa wa makazi uliohesabu vitanda katika kila nyumba, na kwenye kadi yake Mzee aliandika: haisemi nani analala chini.

Unyenyekevu huo mbele ya takwimu hakuzaliwa nao. Alipokuwa kijana, mwaka wake wa kwanza kazini, alisimama kwenye ukumbi uliojaa watu akatangaza kwamba katika mtaa fulani kila mama ana wastani wa watoto kumi na wanne. Alikuwa amefanya hesabu sawasawa. Kilichomponza ni kwamba wahoji, mtu akikataa kujibu swali, walikuwa wakiandika tisini na tisa, na yeye akawajumlisha wote waliokataa kama akina mama wenye watoto tisini na tisa. Wakubwa walikuwa wanaandika ile habari kwa makini. Nyuma kabisa mhoji mmoja wa kike alinyoosha mkono, akasema kwa adabu kwamba yeye ndiye aliyezunguka nyumba hizo na hakumbuki nyumba yenye vitoto vingi hivyo. Akauliza kama anaweza kuonyeshwa. Kisha akanyamaza, akangoja jibu.

Ukumbi ulicheka mpaka watu wakafuta machozi, na Mzee anasema alitamani ardhi ipasuke immeze. Kila mwaka aliwasimulia wanafunzi wapya kisa hicho siku ya kwanza, ili wajue kwamba mtu akinyamaza, kunyamaza kwake nako kunataka kusomwa. Yule mhoji walimwita Bi Kimya. Kabla mwaka haujaisha alikuwa mke wa Mzee.

Bi Kimya ndiye aliyekuwa mhoji bora kuliko wote waliopita hapa, na sisemi hivyo kwa kuwa ni marehemu. Wahoji wengine huogopa ukimya. Mtu akimaliza kujibu, wao wanarukia swali linalofuata kama wanafukuzwa. Bi Kimya aliuliza kwa upole, akapata jibu, kisha akakaa tu. Alizoea kusema kwamba jibu la kwanza ni la mgeni, la pili ndilo la wenye nyumba, na la pili haliji ukiwa na haraka.

Sasa niwaeleze kanuni ya Mzee, kwa sababu bila hiyo hamtamwelewa. Miaka mingi iliyopita mtafiti kutoka nje ya kituo chetu alichukua rekodi ya mahojiano akaipiga kwenye mkutano, ili kunogesha mada. Kwenye rekodi hiyo mjane alikuwa anaeleza jinsi shemeji zake walivyompokonya nyumba. Jina lake lilikuwa limefutwa. Lakini sauti haifutiki, na ukumbini alikuwapo mtu wa ukoo uleule. Wiki chache baadaye mjane alikuja hapa ofisini na mizigo yake yote, akakaa kwenye kile kiti kigumu. Hakupiga kelele. Alisema tu kwamba walioingia kwake walikuwa watu wenye adabu, ndiyo maana aliwaambia.

Mzee hakula siku ile. Kesho yake aliandika kanuni ya maneno machache na kuibandika mlangoni: sauti ya mhojiwa haitoki chumbani. Anayetaka kusikiliza aje asikilize humu, na aliyesema awe amekubali. Tangu hapo wamekuja maprofesa, waandishi wa habari, hata mheshimiwa mmoja na walinzi wake, na wote waliondoka mikono mitupu. Mzee aliwapa viti na maji ya kunywa, lakini rekodi hawakupewa.

Miongoni mwa rekodi zetu ipo moja ya kufundishia. Bi Kimya anamhoji mshona nguo mmoja, mama mtu mzima, aliyeridhia mahojiano yake yatumike kwa mafunzo, humu chumbani tu. Kizazi baada ya kizazi cha wahoji wamejifunza kwa rekodi hiyo namna ya kuuliza na namna ya kungoja. Hawakuambiwa mwenye sauti inayouliza ni nani. Bi Kimya alipofariki, miaka mitano sasa, kwa ugonjwa ulioanza kama mafua tu, Mzee alirudi kazini baada ya matanga akaendelea kufundisha kwa rekodi ileile. Alibonyeza kitufe, akageukia dirishani, akasimama hivyo mpaka iishe. Wanafunzi walidhani anaangalia gari lake. Gari hana.

Nilimuuliza mara moja kwa nini asibadilishe, akasema kwamba haijapatikana iliyo bora. Hilo ni kweli, lakini nami nimekaa na watafiti muda wa kutosha. Nilinyamaza nikangoja. Ndipo akaniambia kwamba nyumbani picha za Bi Kimya ni tele, ila sauti hakuna. Palikuwa na ujumbe mmoja kwenye simu, wa kumkumbusha anunue sabuni, na simu ikaibwa sokoni. Binti yao ameolewa mbali. Jioni anawasha redio ili nyumba isikae kimya, na haisikilizi.

Basi mnaelewa taarifa ya kufungwa kwa dawati ilikuwa na maana gani kwake. Sisi wengine tulilalamikia kabati, ambalo limepelekwa stoo. Tulilalamikia ukurasa wa mtandao uliowekwa mahali pake, wenye viungo vya data na mafunzo. Nimejaribu viungo hivyo kimoja kimoja, na karibu nusu havifunguki. Chumba kitakuwa cha mikutano, na rekodi zote zitafungiwa makao makuu. Mzee hakulalamika kitu. Alifundisha kozi yake ya mwisho, akapiga rekodi, akasimama dirishani, na safari hii ilipokwisha hakugeuka. Wanafunzi walikusanya madaftari yao wakatoka kwa kunyata.

Kamati ya hafla ilikuwa imependekeza saa ya ukutani. Nilisema mtu anayeishi peke yake hahitaji kitu kingine cha kumhesabia muda. Waya, fundi wetu wa sauti, akapendekeza tumnakilie ile rekodi kimyakimya. Nani atajua? Mimi, Mungu anisamehe, nilikubali mbio. Nikaenda kumdokezea Mzee kwa furaha. Akasema kwamba mshona nguo hakukubali kuingia sebuleni kwake yeye Mzee. Nikamwambia tukamwombe ruhusa. Akasema tutamwomba nani, na jina alilifuta yeye mwenyewe kwa mkono wake, kama kanuni inavyotaka. Machozi yalikuwa yamemjaa machoni, lakini alikuwa ameshafika mwisho wa sentensi, na Mzee akifika mwisho wa sentensi harudi nyuma. Nilitoka nikaenda kulia chooni. Sioni haya kuliandika.

Waya hakulia. Alijifungia na mashine zake, na baada ya siku kadhaa akatokea na kitu alichokifanya. Alikuwa amemtoa mshona nguo kwenye rekodi, neno kwa neno, hata kikohozi chake. Yamebaki maswali tu. Pale mshona nguo alipokuwa anajibu, Waya ameacha nafasi tupu yenye urefu uleule. Tukampelekea Mzee tukiwa wawili, tukamwambia huyu si mhojiwa, huyu ni mhoji, na wa kumtolea ruhusa ni mumewe. Akauliza kama tuna uhakika hakuna sauti ya mshona nguo iliyosalia hata chembe. Waya akasema hakuna. Mnajua Mzee alijibu nini. Ilibidi aisikilize yote mwenyewe ndipo aamini.

Kwa hiyo Jumatano mchana, katika chumba ambacho tayari kilikuwa kimebaki na meza moja na kile kiti, Mzee alikaa kwenye kiti. Nilikuwa nimezoea kumwona upande ule mwingine. Waya akabonyeza kitufe. Bi Kimya alisalimu, akashukuru kwa kukaribishwa, akasema atauliza maswali machache na kwamba si lazima kujibu yote. Mzee alikuwa ameinamisha kichwa kama fundi anayesikiliza injini, anamtafuta mshona nguo.

Kisha Bi Kimya akauliza, kwa ile sauti yake ya taratibu, "Hapa nyumbani unaishi na nani?"

Ukafuata ule ukimya. Ni mrefu, kwa sababu mshona nguo alikuwa mjane naye na hakujibu upesi. Mzee akainua kichwa. Akasema, "Naishi peke yangu."

Bi Kimya akangoja, kama alivyongoja siku zote. Halafu akauliza, "Tangu lini?"

Waya alinishika mkono tukatoka. Nilirudishia mlango. Tulisikia sauti mbili zikipokezana humo ndani kwa muda mrefu, moja ikiuliza na nyingine ikijibu, wala hatukutega sikio. Alipotoka alikuwa amenawa uso. Akamwambia Waya kwamba ameikagua na ni safi, akaitia nakala hiyo kwenye mfuko wa shati, akauliza kama kuna chai.

Wasifu huu Mzee ameusoma kabla ya kuchapwa, maana bila ruhusa yake nisingethubutu. Amefuta mistari miwili. Iliyobaki ameiridhia, akiongeza kwamba mimi ni chanzo kimoja tu.

Mzee wetu, tunakushukuru kwa kila swali ulilotulazimisha kulitafuta na kwa kila mlango uliotuonyesha ulipo. Tunakuombea afya, macho mazuri na usingizi. Hatutakudanganya kwamba tutazoea upesi, wala kwamba wewe utazoea. Ila namba zetu unazo. Jioni ukichoka kuulizwa na yule aliyenyamaza, tupigie sisi tukuulize habari za nyumbani. Ukitujibu kwamba ni nzuri, hatutakata simu; tutangoja lile jibu la pili.