Mkutano Usio na Mgeni Rasmi

Mbinga tunalima kahawa na kunywa chai. Kijiwe changu, mabenchi mawili nyuma ya stendi, ni cha wale wachache wanaokunywa walichopanda, na mimi ndiye ninayechemsha. Jumatano hiyo ya mwaka 2011 walikuwepo watatu. Wendelin, dereva wa bodaboda tunayemwita Breki kwa sababu pikipiki yake haina. Methodi, muuza usipa, wale dagaa wa ziwani, kutoka Liuli, aliyekwisha kumaliza ndoo zake mbili na hakuwa na haraka ya kurudi ziwani. Na Mzee Othmar, mwenyekiti wa kikundi chetu cha wakulima wa kahawa, aliyeshuka kwenye basi la Dar es Salaam siku moja kabla. Kitambulisho cha mkutano kilikuwa bado kinaning'inia shingoni, juu ya koti.

Mkutano wenyewe ulikuwa wa watengeneza websaiti, na aliyestahili kwenda ni binti yangu Edina. Tangu tuliporuhusiwa kujitafutia wanunuzi wenyewe tulikuwa tunaambiwa tujitangaze, na yeye ndiye aliyekaa intaneti kafe akakitengenezea kikundi websaiti. Mwaliko ulisema aende mtu mmoja. Kamati ikakaa, ikamtuma mwenyekiti kwa kuwa ana koti. Edina akampa karatasi ya kuwaonyesha mafundi, kwa sababu kwa wiki tatu ukifungua websaiti yetu unakuta matangazo ya viatu vya kike badala ya kahawa. Ijumaa mnunuzi wa Ujerumani angeifungua aamue atembelee kikundi gani. Akiona viatu ataenda kwa wengine, na magunia yangu sita yatabaki ghalani.

— Hakukuwa na mgeni rasmi, alisema Mzee Othmar.

— Mwenyekiti, hapo unatupiga kamba, alisema Breki. Sasa mkutano ulifunguliwa na nani?

— Haukufunguliwa. Kijana mmoja mwenye kaptula alisimama akasema, "Haya, tuanze." Basi.

— Kaptula! Methodi aliweka kikombe chini. Na meza kuu je?

— Hakuna. Mkubwa wao alikuwa amekaa sakafuni anachomeka nyaya.

— Hao ni wafrimasoni, alisema Breki. Wahenga walisema, mficha uchi hazai.

— Methali hiyo inaingiaje hapo? niliuliza.

— Inaingia kwenye kaptula, Mama Edina.

— Posho je? Methodi aliuliza.

— Fulana.

— Nani anaacha kazi zake siku tatu kwa ajili ya fulana?

Mzee Othmar alikohoa kidogo, akaeleza kama alivyoelewa.

— Ile programu ya kutengenezea websaiti haina mwenyewe. Huyu anaongeza kipande, yule anaziba tundu, halafu wanaigawa bure dunia nzima.

— Kumbe ni ngokela, alisema Breki. Leo tunalima kwa Antoni, kesho kwa Stephano. Lakini ngokela ina pombe. Hao walikunywa nini?

— Maji ya chupa.

— Basi kuna jambo. Mtu halimi shamba la mwenzake kwa maji.

— Jambo lenyewe nalijua, alisema Methodi, akasogea mbele. Websaiti zote za dunia si lazima zihifadhiwe mahali? Panatakiwa pakubwa, pa baridi, pasipoonekana. Pale mbele ya Liuli ziwa halina mwisho. Na usipa umepungua tangu mwaka jana. Mnadhani huko chini wamebanwa na nini?

— Ndiyo maana ya vile viatu! Breki alipiga paja. Samaki hawana miguu, wanavirudisha huku juu.

— Tena mimi sivioni vibaya, alisema Methodi. Mnunuzi anakuja kwa kahawa, anaondoka na viatu vya mke wake. Si ndiyo soko huria?

Nilimwambia anywe, inapoa.

— Mimi niliwaonea aibu, aliendelea Mzee Othmar. Mkutano mzima bila hotuba! Nikajitolea. Wakati wa chakula nikaandika hotuba ya ufunguzi.

— Siku ya kwanza? niliuliza.

— Ya tatu.

— Kawia ufike, alisema Breki.

— Nikasimama, nikainyanyua karatasi hivi, mbele ya uso, nikasoma. Jamani! Mistari ya mbele yote ilisogea. Wakapiga picha kwa simu. Wengine wakabishana kwa minong'ono, wengine wakaandika. Dakika kumi. Nilipomaliza, yule wa kaptula akaja mbio, "Mzee, haya umeyaandika mwenyewe?" Nikamwambia, kwa mkono wangu huu. Akaandika na yeye maneno yake ya shukrani, akaniomba nitie sahihi.

— Sahihi! Kama waziri! alisema Methodi. Maneno gani ya shukrani?

— Miwani niliyosomea niliazima, nilikuwa nimeshairudisha.

Hapo Edina akafika kutoka intaneti kafe. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukodolea viatu tangu asubuhi.

— Shikamooni. Baba Mwenyekiti, pole na safari. Ile karatasi yangu waliiona?

Mzee Othmar akatia mkono ndani ya koti, akatoa hotuba yake.

— Si hii hapa? Upande mmoja ulikuwa mtupu, mwanangu. Ningeharibu nyingine ya nini?

Edina akaigeuza. Nyuma ya hotuba kulikuwa na mwandiko wake: viatu vilianza lini, amejaribu nini, kipi kimeshindikana. Huo ndio upande waliokuwa wakiutazama wale wa mbele. Chini yake kulikuwa na wino mwekundu. Nilisoma juu ya bega lake: "Umetafuta vizuri kuliko sisi. Wezi wanapitia kwenye programu yako ya picha, ni ya zamani. Ifute, weka mpya, badili neno la siri." Halafu: "Aliyeandika haya tunamkaribisha mwakani aje atufundishe. Nauli juu yetu." Mwishoni, sahihi ndefu yenye mkia. Othmar.

— Kwa hiyo inatengenezeka? nilimuuliza.

— Saa moja tu, mama. Ijumaa ataona kahawa.

Nilishusha pumzi kwa magunia yangu sita. Lakini Edina hakuondoka. Aliweka kidole juu ya ile sahihi, akamsomea mzee wino mwekundu wote, neno kwa neno, polepole. Kisha akauliza kwa adabu niliyomfundisha mwenyewe:

— Baba Mwenyekiti, mwakani utawafundisha nini?

Breki akainama kuchunguza tairi lake. Methodi akachungulia ndani ya ndoo iliyokwisha usipa. Mzee Othmar alivua kile kitambulisho shingoni, akakitazama, akakivaa tena. Akanisogezea kikombe.

— Mama Edina, ongeza kidogo.

Birika lilikuwa nusu.

— Imekwisha, nikamwambia.