Atakayesonga Bukari ya Kilio

Sogeeni, wanangu, mnisikie kabla kikohozi hakijarudi. Edmond, kaa mbele, wewe ndiye mkubwa. Clotilde, acha hiyo sufuria. Nawe dada yangu Ndaya, kaa hapo mlangoni kama kawaida yako, ila leo usinikatize.

Jana mlizungumza uani mkidhani nimelala. Treni ya Kabalo inaondoka Alhamisi, na masista wa Usumbura wanamngoja Clotilde kwa mwaka mmoja wa kujifunza ukunga. Ndaya ukasema, "Mutoto mwanamuke hawezi kwenda na kilio iko karibu. Bantu batakuja, nani atabapikia?" Nawe Edmond ukamjibu shangazi yako, "Njo vile, tantine. Abakie." Mama yenu angekuwapo, swali hilo lisingeulizwa, lakini ametangulia, na tangu siku hiyo mzigo wa jiko umemwangukia msichana.

Basi msikilizeni mtu aliyewahi kuondoka. Edmond ulikuwa bado mgongoni kwa mama yako nilipovuka mpaka, nikafanya kazi mwaka mzima Broken Hill, kwa Waingereza. Nilitaka kuona reli inaishia wapi. Haikuishia.

Nilikwenda nikijua kila kitu. Nilijua kwamba mwanamume haingii jikoni, kwamba Muluba ndiye mtu na wengine ni majirani, na kwamba mtu mzima hachekwi. Wahenga husema asiyetembea hudhani mamaye ndiye mpishi peke yake. Mimi hata sikujua mama anapikaje. Siku ya pili njaa ikanifundisha. Nilichemsha maji, nikamwaga unga wote kwa mpigo, kama nilivyomwona mama yenu akifanya na unga wa muhogo. Ule ulikuwa wa mahindi. Ukashikana madonge, chini umeungua, ndani mkavu. Jirani yangu Mubita, mtu mwenye mvi wa kabila la Walozi, akachungulia, akauliza: "Rafiki, hayo ni ya kula au ya kujengea?" Nilitaka kumpiga. Kisha nikakitazama chungu, nikacheka mpaka nikakaa chini. Nilikuwa sijawahi kujicheka.

Mubita ndiye aliyenichongea mwiko huu mnaouona ukutani. Akanionyesha: kwanza uji, uungoje utokote, ndipo unga kidogo kidogo. Mvua zilipoanza tulikuwa tukila sahani moja, watu wa lugha nne, na kila Jumapili zamu ya kusonga ilikuwa yangu. Ugenini hawakuulizi ukoo wako, wanauliza leo ni zamu ya nani.

Niliporudi hapa Kamina nikamsongea mama yenu bukari, ugali ule ule wa Mubita. Kambi nzima ya reli ilisimama kwenye ua. Ndaya, ulipiga yowe, "Bamemuloga ndugu yangu!", ukamkimbilia katekista aje aniombee. Katekista alikuja, akaonja, akaomba aongezewe. Mama yenu alikula akamaliza, akanawa mikono, akasema, "Kesho pia iko zamu yako." Naona unacheka, Ndaya. Cheka, dada, hukukosea sana. Aliyerudi hakuwa yule aliyeondoka.

Sasa shikeni haya. Baiskeli yangu ni ya Clotilde; akirudi ataipanda kuwafuata wanaojifungua, na kabla hajarudi asiiguse mtu. Ugomvi wangu na jirani yetu Albert, kwa ajili ya mbuzi wake waliokula mihogo yangu, umekwisha leo. Siku ya kilio mpeni sahani ya kwanza, naye ataelewa.

Edmond, nyumba ni yako. Lakini nyumba inakwenda pamoja na mwiko. Usinitazame hivyo. Clotilde anaondoka Alhamisi. Nikiwa hai, tutaagana hapa kitandani. Nikifa Jumatano, nizikeni Alhamisi asubuhi na mapema, mumfikishe stesheni na vumbi la kaburi miguuni. Nikifa baadaye, mtu asimwite arudi. Treni haigeuzwi kwa ajili ya maiti. Watu watakuja, Ndaya, na watakula, na atakayewapikia ni Edmond. Aliyekufa haulizi nani kasonga. Wakikucheka, mwanangu, cheka nao, kisha uwaongeze.

Clotilde, hata wewe watakucheka huko. Usirudi kabla hawajakucheka vya kutosha.

Nipeni maji... Basi, yanatosha. Leteni mikono yote, na wako, Ndaya. Nawapulizia maji haya ya baraka kama baba alivyonipulizia. Mlango wenu usikose mgeni. Anayeondoka afike, anayebaki asimwonee kijicho. Mungu awatangulie... njia zote mbili.

Edmond. Utundue huo mwiko, niuone mkononi mwako. Hivyo. Shika chini zaidi... Sasa sikiliza. Kwanza uji. Uungoje utokote, usiwe na haraka. Ndipo unga... kidogo... kidogo...