Mama Stesheni, Abiria wa Mwisho wa Kituo Chetu

Marehemu mama yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Stesheni, alizaliwa tarehe 9 Mei 1951 katika kambi ya mafundi wa reli, mwaka uleule kituo chetu kilipofunguliwa. Alikuwa kitinda mimba wa fundi mwashi aliyekijenga kituo hicho, na tangu utotoni hakujua kutulia.

Alisoma hadi darasa la saba katika shule iliyo ng'ambo ya reli. Walimu walimchoka, maana treni ikipiga honi tu, dawati lake lilibaki tupu.

Alijifunza ushonaji, akaweka cherehani kwenye baraza ya kituo. Enzi hizo abiria walisukumana hadi vifungo vikakatika, hivyo kazi haikukosekana. Mwaka 1973 alifunga ndoa na karani wa tiketi, baba yetu. Baba ni mtu wa polepole; mama hakuwa na breki. Walipendana hivyohivyo.

Barabara ya lami ilipofika mwaka 1998, abiria walihamia kwenye mabasi. Shirika la reli likatangaza kwamba kituo kisicho na abiria kitafungwa. Mama aliapa kwamba kazi ya baba yake haitafia mikononi mwake. Basi kila siku ya treni alipanda hadi kituo kinachofuata, akarudi kwa miguu, leo na kilemba, kesho na miwani ya jirani, ili kondakta asimzoee.

"Unakwenda wapi, bibie?" baba alimuuliza dirishani, uso mkavu.

"Safari."

"Kufanya nini huko?"

"Kurudi. Hebu kata tiketi, treni haimngoji mtu!"

Baba alipostaafu tulidhani mama naye atapumzika. Thubutu! Alisafiri hadi mwaka jana, moyo ulipoanza kumsumbua na daktari akamwamuru akae kitako. "Nikikaa mimi, apande nani?" alituuliza. Hakuna hata mmoja wetu aliyejitolea, na inatuuma hadi leo. Aliaga dunia alfajiri ya tarehe 14 mwezi huu, huku kituo kikiwa kimepewa hadi mwisho wa mwezi kipate abiria, la sivyo kifungwe.

Ameacha mume, watoto wanne na wajukuu kumi na mmoja. Yeye na apumzike kwa amani. Sisi bado. Treni inapita saa kumi jioni, na baba anasema leo foleni ya tiketi ataianzisha yeye.