Mwalimu Rubeni Okeyo na Swali Alilolijibu kwa Fimbo

Ndugu waombolezaji, wazee wetu shikamooni, mimi Okinyi, mtoto wa kaka yake marehemu, nimetumwa na familia kuwasomea maisha ya baba yetu mdogo, Mwalimu Rubeni Okeyo Olima, kazi ambayo moyo wangu haukuitaka, na nitasoma kama mwenyewe alivyoagiza, bila kumpamba.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1961 huko Gorong'a, wilaya ya Tarime, mtoto wa tatu wa Mzee Olima na Mama Aoko, wakulima wa mahindi na mtama, akasoma shule ya msingi kijijini kuanzia 1969 hadi 1975, akaendelea na sekondari Musoma, na mwaka 1985 akahitimu ualimu wa Historia na Kiswahili.

Tarehe 3 Februari 1986 aliripoti kazini Mugumu, wilaya ya Serengeti, na tarehe 12 Desemba 1987 alifunga ndoa kanisani na Mama Akech, binti wa Migori ng'ambo ya mpaka, wakajaliwa watoto wawili, Sharon na Wiliam. Mwaka 1998 alihamishiwa Tarime, na kwa kuwa walimu walikuwa haba alikabidhiwa Jiografia, somo ambalo hakulisomea, akalifundisha kwa daftari lake la zamani la shule, na fimbo mezani, maana sote tunajua alikuwa mkali kama pilipili.

Tarehe 17 Juni 2009, akiwafundisha kidato cha pili kwamba moto wa volkano ni joto la jua lililozama ardhini, kijana mmoja wa Genkuru, Mogesi Waitara, alinyoosha mkono akauliza mbona mwezi uko jirani na dunia, unapigwa na jua lilelile, lakini hauna volkano hata moja, tena akasema baba yake anachimba dhahabu na kadiri anavyoshuka shimoni ndivyo joto linavyozidi, kule ambako jua halifiki. Marehemu akaona amedharauliwa, akamchapa mbele ya darasa zima, na Mogesi hakurudi tena shuleni.

Miaka kumi baadaye Sharon alimletea kitabu kutoka chuoni, na humo marehemu akasoma kwamba joto la dunia limo tumboni mwake, limebaki tangu ilipoumbwa na linaongezwa na madini yanayotoa mionzi taratibu, kwamba chenye umbo dogo hupoteza joto upesi, ndiyo maana mwezi ulipoa zamani na sayari ya Mirihi ikafuata kwa sehemu kubwa, ilhali mwezi mmoja wa Mshtarii, mbali kabisa na jua, bado unatapika moto kwa sababu sayari yake na miezi mingine huuvuta huku na huku bila kuuacha utulie. Tangu siku hiyo ugali wa nyumba hii haukuliwa kwa amani, kwanza alimega tonge akaliweka pembeni ya sufuria, akatuamuru tuguse tuone kipi kimepoa, na Mama Akech akilalamika kwamba watu wana njaa.

Alipostaafu mwaka 2021 alipanda baiskeli akawafuata wanafunzi wake wa zamani huko Itiryo na Gorong'a, akiwaambia aliwafundisha vibaya, wengine wakadhani uzee umemwingia, na mwenye duka mmoja alimjibu kwamba somo lenyewe alishalisahau siku ya mtihani. Genkuru alikwenda mara tatu, akaambiwa Mogesi yuko machimboni Kenya, akaacha ujumbe kwa mama yake, nao ulimfikia, lakini Mogesi, kwa ruhusa yake nasema haya, hakutaka kuujibu, kwa sababu bado alikuwa na uchungu.

Tarehe 3 Februari 2025 marehemu alipatwa na kiharusi, akapoteza kauli. Tarehe 11 Mogesi, asiyejua habari za kiharusi, alipiga simu, Sharon kwa haraka hakumweleza, akaiweka sikioni mwa baba yake, Mogesi akasema shikamoo mwalimu, midomo ya marehemu ikahangaika, sauti haikutoka, na Mogesi, akidhani amenyamaziwa, akakata. Marehemu alifariki tarehe 19, saa mbili asubuhi, na sisi tuliokuwepo siku ile ya simu tunajua alikuwa akilia.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliotuletea kuni, maji na unga, walimu wenzake wa Tarime na Mugumu, na ndugu zetu waliovuka mpaka kuja kulia nasi.

Mogesi yuko hapa, tangu jana yumo miongoni mwa waliochimba kaburi. Kabla ya kuugua, marehemu alimwachia Mama Akech neno, kwamba kosa alilolifanya mbele za watu lisahihishwe mbele za watu, na akishindwa yeye mwenyewe, lisomwe siku hii kabla hajafukiwa. Mogesi Waitara, ndugu yangu, swali lako lilikuwa sahihi, mwalimu wako ndiye aliyekuwa hajui, na anakuomba msamaha.

Mwalimu, lala sasa kwa amani, amesikia.