Skrubu Nyekundu za Mama Bénit

Mgeni rasmi, Bwana Oyet, mkurugenzi wa Duka la Kompyuta la Mawimbi. Viongozi wa mtaa. Majirani na wateja wetu mliokubali kubanana kwenye mabenchi haya:

Makaribisho

Sisi mafundi wa kompyuta wa Relini, Namuwongo, tunakukaribisha kwa mikono miwili. Tunajua gari umeliacha kule juu ukavuka tope kwa miguu, na viatu vyako tumeviona. Utuwie radhi. Soda hiyo ni yako. Treni ikipita tutanyamaza kidogo halafu tutaendelea, ndivyo tunavyoishi hapa.

Tulikotoka

Umoja wetu ulianza na meza moja ya kutengeneza redio. Wengine wetu ni wenyeji wa hapahapa, wengine tumetoka kaskazini, wengine tumeikimbia Kongo na nguo za mwilini. Kompyuta za Ulaya zilizotumika na kukarabatiwa zilipoanza kuuzwa dukani kwako, nasi tukapata kazi. Mteja ananunua kwako, kisha anashuka kwetu kuongezewa memori. Wauzaji wako wenyewe humwambia, "Nenda Relini, watakuongezea." Kwa hiyo tumekula sahani moja siku nyingi, ingawa leo ndiyo tunaonana uso kwa uso.

Tunayojivunia

Tuna chumba hiki kipya utakachotuzindulia. Tuna umeme wa halali, na tunaomba makofi kwa hilo. Na tuna Mama Bénit.

Jina lake ni Kahambu, wa Butembo, Kongo. Ni yule pale nyuma mwenye kitenge cha kijani, aliyepakata mkoba wake wa vifaa kama mtu anayesubiri basi. Tulimwomba aisome risala hii, akasema sauti itamwangusha. Ana desturi moja iliyomjengea jina: kila skrubu aliyoifungua, akishaifunga huidondoshea rangi nyekundu ya kucha. Alifundishwa na kaka yake, katika soko ambamo watu walikuwa wakichomolewa vipuri na mafundi wao wenyewe. Rangi ikiwa nzima, mteja anajua hakuna mkono uliopita baada ya ule wa Mama Bénit. Mwanzoni tulimcheka, tukamuuliza hiyo kompyuta inaolewa na nani. Wateja hawakucheka, wakawa wanamtaka yeye tu.

Linalotukosesha usingizi

Hapa, mgeni rasmi, ndipo penyewe.

Bi Goretti, anayekaa kwenye nyumba za polisi kule Naguru, anasomea ukunga. Alinunua kompyuta kwako, yenye waranti ya kutengenezewa bure ikiharibika, na kazi zake zote za chuo zimo humo. Muuzaji wako akamwelekeza kwetu. Mama Bénit akafungua mfuniko wa chini, akaweka memori, akafunga, akapaka rangi yake. Haukupita muda mrefu kioo kikazima. Taa inawaka, feni inazunguka, kioo giza tupu.

Goretti alikimbilia kwanza kwa Mama Bénit. Naye hakuigusa. Alijua kilichobaki ni kufungua upande wa kioo, na upande huo hakuwahi kuugusa. Akiugusa sasa, nani atamwamini baadaye?

"Nyabo, mama, futa tu hiyo rangi," Goretti akamsihi. "Wakiona imefunguliwa watakataa."

Tuseme kweli, hata sisi tulimwambia hivyo. Duka lako halibandiki stika ya kuonyesha kama kompyuta imefunguliwa. Skrubu zikiwa safi, hakuna wa kujua. Kitambaa na asetoni ya kufutia rangi vilikuwa mezani. Mama Bénit alivisukuma kando.

"Nikifuta, njo nimesema si mimi," akasema. "Na ni mimi."

Basi kompyuta ikaja kwako na wekundu wake. Mhudumu wako aliigeuza, akaziona skrubu, hata kuiwasha hakuiwasha. Akasema imefunguliwa, waranti imekufa. Goretti akarudi analia, na nyuma yake mumewe, Sajini Ojok, na sare zake.

"Mimi sina maneno mingi, mama," alisema pale mlangoni. "Jumatatu kompyuta iwake, ama tuonane kituoni."

Tangu hapo Mama Bénit anaogopa, na haoni haya kusema anaogopa. Alikotoka, aliyeitwa kituoni aliagwa kabisa. Ana mtoto wake, Bénit, wa kulea, na akishaingia kwenye kesi, nani atampa tena kompyuta yake afungue? Akisikia buti nje huacha bisibisi. Kinachomtafuna zaidi ni mkono wake mwenyewe. Anairudia kazi ile kichwani: mfuniko, memori, ule waya mwembamba wa kioo uliokuwa karibu na kidole gumba. Aliusukuma? Hakuusukuma? Hakumbuki. Ametuuliza sisi, kana kwamba tulikuwa ndani ya kidole chake.

Nasi tunaogopa naye. Kompyuta hizi, Bwana Oyet, zinafika kwako zikiwa zimeshafunguliwa na watu tusiowajua, maana bila kufunguliwa hazikarabatiki. Mikono hiyo haiulizwi. Ameulizwa aliyejitaja. Tayari kuna wenzetu wameanza kununua asetoni.

Ombi

Tulikuwa na maombi mengi: mtaro, taa za njiani, mafunzo kwa vijana. Tumeyaweka kando yote.

Kilichofunikwa kitambaa cheupe mbele yako siyo keki, ingawa tumeona baadhi yenu mkikichungulia. Ni kompyuta ya Bi Goretti. Mwenyewe yupo, na Sajini yuko pale mlangoni. Tunaomba fundi wako uliyekuja naye aifungue chini na upande wa kioo hapahapa, macho yetu sote yakiona. Likikutwa kosa la mkono wa Mama Bénit, Umoja utalibeba na hatutanung'unika. Likikutwa kosa lililokuja na kompyuta yenyewe, waranti ifufuke, na Sajini aondoke hapa akiwa amempa mama yetu mkono. Kilichomo hatukijui.

Mungu akulinde wewe na watu wa nyumbani kwako, aibariki biashara yako na mikono yetu, kila mmoja kwa namna anavyomwomba.

Bisibisi iko kulia kwako, kando ya soda. Kile kichupa chekundu ni cha Mama Bénit, amekubali kukiazima. Mkishafunga, mgeni rasmi, nanyi mtie alama yenu.

Ni sisi,
Umoja wa Mafundi wa Kompyuta wa Relini, Namuwongo.
Msomaji: Asuman, katibu.