Fundi Muhiddin na Pampu ya Lori la Bagamoyo

Kho. Kho-kho. Kho. Kisha mlio kama wa mtu anayefyonza bilauri iliyokwisha maji. Kisha kimya.

Wasikilizaji wapendwa, hivyo ndivyo watu wa Mtaa wa Mchikichi, hapa Kariakoo, walivyolisikia lori lile kabla hawajaliona. Lilikuwa bado nyuma ya kona. Ilikuwa asubuhi, mwaka elfu moja mia tisa thelathini na sita, enzi za Mwingereza. Baadaye kidogo wakawaona wanaume sita wanalisukuma, na dereva ametoa kichwa nje anawahimiza, jasho linamtoka kuliko wao.

Leo tunamkumbuka mtu aliyelitengeneza lori lile. Jina lake Muhiddin bin Hamud. Fundi Muhiddin. Amefariki Jumanne iliyopita, nyumbani kwake Ilala, akiwa na miaka sabini na mmoja. Siku ya lori lile alikuwa kijana wa miaka ishirini na minne.

Muhiddin alizaliwa Kariakoo. Baba yake, Mzee Hamud, alikuwa Mwarabu mwenye duka la kahawa. Mama yake alikuwa Mzaramo. Mjomba wake, ndugu wa mama, alikuwa mtengeneza ngoma, na kwa mjomba huyo ndiko Muhiddin alikojifunza kazi yake ya kwanza: kuwamba ngozi juu ya ngoma mpaka ikaze, mpaka ukiigusa kwa ukucha ijibu.

Injini alijifunza mwenyewe, kwa kuzifungua. Cheti hakuwa nacho. Wenye vyeti walikuwa na karakana zenye geti, na mtu wa Kariakoo alisimama nje ya geti hilo. Nalisema hili waziwazi, wala siombi radhi. Muhiddin alikuwa na kivuli cha ukuta hapo Mchikichi, turubai moja na spana nne.

Sasa turudi kwenye lori. Dereva wake alikuwa Leodegar, Mchaga wa Kilimanjaro. Siku hiyo alikuwa anakwenda Bagamoyo kuchukua mbata, zile nazi zilizokaushwa. Ndani ya lori alikuwamo abiria mmoja tu: Bi Mauza, mshona kanzu wa mtaa ule ule. Mapajani alikuwa amepakata cherehani.

Bi Mauza alikuwa na haraka. Dada yake, Bi Azza, alikuwa mgonjwa sana huko Bagamoyo. Barua ilifika jana yake na ilisema maneno machache: Azza hali chakula tena, njoo. Basi la Bagamoyo lilikuwa limeondoka siku hiyo hiyo, na lingine ni wiki ijayo. Lililobaki ni lori la Leodegar.

Na kulikuwa na jambo jingine. Dada hawa wawili walikuwa hawajasemezana kwa miaka tisa. Miaka tisa, wasikilizaji wapendwa. Mama yao alipofariki, Bi Mauza aliichukua cherehani ya marehemu akaja nayo Dar es Salaam bila kumuuliza dada yake. Ndiyo hiyo aliyoipakata. Alitaka kuirudisha na kuomba radhi, dada yake akiwa bado anasikia.

Muhiddin akafunua injini. Ubavuni mwake palikuwa na pampu ndogo ya petroli. Pampu ile ina mkono mdogo wa chuma. Injini ikizunguka, mkono unanyanyuka na kushuka, na kila unaponyanyuka unavuta kiwambo, kitambaa cha duara chenye mpira. Kiwambo kikivutwa, petroli inatoka kwenye tangi. Kikirudi, petroli inasukumwa kwenye injini. Kiwambo cha lori lile kilikuwa kimezeeka, kimechanika.

"Kipya kipo?" Leodegar akauliza.

"Dukani vipo viwili tu. Vingine viko melini, mpaka mwezi ujao."

"Leta vyote viwili, ndugu yangu. Nawajua mafundi."

Wakacheka. Muhiddin akaifungua pampu yote. Akaosha vilango vyake kwa petroli, akanyoosha springi, kisha akafunga kiwambo kipya. Akakivuta pande zote, akakaza skurubu moja moja. Alipomaliza akakigonga kwa ukucha, akatega sikio.

Leodegar akapiga makofi. "Inalia vizuri, bwana! Harusi ya nani?"

"Wewe washa gari, acha maneno."

Lori likawaka. Bi Mauza akasoma dua. Wakaondoka, na mtaa mzima ukawapungia mikono. Walifika Magomeni. Magomeni tu, wasikilizaji wapendwa, hata mwendo wa saa moja kwa miguu haufiki. Hapo lori likakohoa, petroli ikachuruzika chini, likazima. Kiwambo kipya kilikuwa kimepasuka katikati. Wakalisukuma tena mpaka Mchikichi.

Kimebaki kiwambo kimoja. Kimoja kwa mji mzima.

Vijana barazani wakaanza. "Fundi ngoma! Rudi kwa mjomba wako!" Mwingine akasema kiwambo kilikuwa kibovu tangu dukani, na Muhiddin angeweza kabisa kuushika usemi huo. Nani angembishia? Mwenye duka hakuwapo.

Muhiddin akakishika kile kilichopasuka, akakitazama kwenye mwanga. Akamgeukia Bi Mauza.

"Bi Mauza, nimekosea mimi. Kitu kilikuwa kizima. Nimekikaza kama ngoma, nami sijui kingine cha kufanya. Kilichobaki naogopa kukigusa."

Bi Mauza akaiweka cherehani kando. "Umelisema upesi hivyo, mwanangu? Mbele za watu? Mimi neno hilo limenishinda miaka tisa." Akashuka kwenye lori. "Hebu nionyeshe hicho kidude kinavyofanya kazi."

Muhiddin akamwonyesha. Mkono wa chuma unanyanyuka, kiwambo kinavutwa.

"Ulipokifunga, mkono ulikuwa wapi?"

"Umelala."

"Ehee! Umemshonea kanzu mtu aliyelaza mikono. Akinyanyua kuomba dua, si itachanika? Sisi mshonewa tunamwambia nyanyua mkono juu kabisa, ndipo tunapima, ndipo tunatia kikwapa. Na hiki kinataka nafasi ya kwapani."

Leodegar akamsogezea Muhiddin spana.

Muhiddin akakitia kile kiwambo cha mwisho. Skurubu zote akaziacha zimelegea. Bi Mauza mwenyewe akausukuma mkono wa pampu mpaka mwisho, akaushikilia hapo kwa kidole gumba chenye vitundu vya sindano.

"Umefika juu?"

"Umefika. Kaza sasa, kidole chaniuma."

"Vumilia, mama. Bado mbili."

"Kaza, mtoto wewe!"

Akakaza. Akauachia mkono, na kiwambo kikalegea kidogo, kikatulia. Safari hii hakukigonga kwa ukucha. Leodegar akawasha. Lori likavuta, likanguruma, likaendelea kunguruma. Muhiddin akakataa kubaki. Akarukia nyuma na spana zake. "Likizima njiani, nizomewe mimi, si nyinyi," alisema.

Halikuzima. Walipita Kunduchi, wakavuka Mpiji, wakaingia Bagamoyo jua likiwa bado juu. Bi Azza alikuwa amelazwa kwenye kitanda cha kamba, macho wazi.

Haya ninayowasimulia nimeyapata kwa binti wa marehemu, Bibi Thuraya binti Muhiddin. Yeye alihadithiwa na baba yake, aliyekuwa amesimama mlangoni siku ile amebeba cherehani.

Anasema Bibi Thuraya: "Bi Mauza alipiga magoti akasema, 'Azza, nimekosea mimi.' Basi. Hakuongeza kitu. Na Bi Azza akamjibu, 'Umechelewa miaka tisa. Njoo ukae.' Baba akaiweka cherehani kando ya kitanda."

Bi Azza aliishi siku kumi na moja zaidi. Siku zote kumi na moja dada yake alikuwa pembeni yake, anashona na kumpigia soga.

Muhiddin alirudi Kariakoo. Baadaye akapata karakana yake Ilala, akaifanyia kazi miaka arobaini. Alitengeneza pampu nyingi, na kila mara kabla ya kukaza skurubu alimwita mtu aliye karibu amshikie mkono wa chuma, hata kama angeweza mwenyewe. Na lile neno halikumtoka mdomoni. Bibi Thuraya ananiambia: "Chai ikimwagika, 'nimekosea mimi.' Mvua ikilowesha nguo, 'nimekosea mimi.' Tukamwambia, Baba, na mvua nayo ni wewe?"

Nimejifunza mashairi bila mwalimu, kama alivyojifunza injini. Naomba mnipokelee ubeti huu mmoja:

Shukurani twazileta, kwa fundi wetu wa gari,
Walotengana kwa vita, ukawaunga kwa kheri,
Hukuona haya hata, kosa ulipolikiri,
Lala pasipo matata, Mola na akusitiri.

Bibi Thuraya, wajukuu, na jamaa wote wa Ilala na Kariakoo, tunawapa pole kwa msiba huu. Tunawashukuru kwa kutuazima baba yenu kwa muda huu mfupi. Innā lillāhi wa innā ilayhi rāji'ūn.

Na wewe unayesikiliza, mfikirie mtu mmoja. Usitafute wa mbali. Yule ambaye jina lake likitajwa unabadilisha mazungumzo.

Mimi ninaye. Ni kaka yangu, Onesphory. Ni mwaka wa tatu huu hatusemezani, na kwa ukali wangu nimewaambia watu wengi kwamba kosa ni lake. Kaka Onesphory, kama redio yako imewashwa, kosa lilikuwa langu. Nikitoka hapa studio nakuja kwako kwa miguu, nikakwambie hivyo mbele ya mkeo na majirani. Nakuahidi.